Mkono wa Pili Kwenye Meseji za Gaël

"Soma tena," Keziah alisema, macho yake yakiwa kwenye robot, taa ya barabarani, iliyokataa kugeuka kijani. Asubuhi hiyo foleni ya kuingia Sandton ilikuwa imelala kabisa.

Nkatha akainua simu na kusoma kwa sauti ya karani wa mahakama:

"Mpenzi, umekula? Jua la leo ni kali, usitoke bila maji. Nimekaa nikafikiri, nyumba haisimami kwa matofali peke yake, inasimama kwa watu kusameheana. Mungu hana haraka, lakini hachelewi. Ni hayo tu."

"Si ni tamu," Keziah akasema. "Roy tumeoana miaka yote hii, na meseji yake ndefu kabisa ni 'lete mkate'."

"Ni tamu sana. Na Gaël hakuiandika."

Robot ikageuka kijani. Keziah hakusogea mpaka wa nyuma walipoanza kupiga honi.

"Ati nani ameandika?"

"Sijui bado. Lakini ni mwanamke, ni mkubwa kuliko mimi, na amezoea kusikilizwa."

Keziah ni binamu yake Nkatha, binti wa shangazi yake, afisa wa benki. Nkatha anaishi kwake tangu alipotoka Meru kuja Johannesburg kusomea shahada ya uzamivu. Binamu wa namna hii ni wazuri sana ukiwa mgonjwa. Ukiwa na wasiwasi kuhusu mwanaume, afadhali ukae mbali nao, maana Keziah tangu mwanzo alikuwa na maoni yake kuhusu Wakongomani, na maoni yenyewe aliyapata saluni na kwenye video za harusi.

"Nilikwambia," akasema sasa, akiingiza gari kwenye maegesho ya benki. "Wanaume wanaovaa vizuri hivyo wana mtu anayewapigia pasi."

Kabla hamjamcheka Nkatha, ngoja niwaeleze kazi yake, maana bila kazi hiyo asingegundua kitu, angeolewa kwa raha zake kama watu wengine.

Nkatha anaandika tasnifu kuhusu Mmarekani mmoja wa karne ya kumi na tisa anayeitwa Tobias Wendhurst, mwandishi na mhariri. Bwana huyo alianza kama kijana wa kupanga herufi kwenye kiwanda cha kuchapa. Akatoa kitabu cha mashairi kilichonunuliwa na shangazi zake, akaandika riwaya mbili zilizochekwa magazetini, akakata tamaa. Kisha akapewa jarida la familia huko Philadelphia ili alihariri, na hapo ndipo bahati yake ilipokuwa. Alikaa kwenye kiti hicho mpaka ndevu zikawa nyeupe. Hadithi za jarida zilitoka bila majina ya waandishi, ndiyo ilikuwa desturi yao, na nyingi zililetwa na wanawake. Watu walizipenda mno. Nkatha aligundua kwa nini zote zilifanana: mzee alizipitia moja moja kwa kalamu yake, akakata hapa, akaongeza pale, mpaka mwenye hadithi asingeweza kuitambua akikutana nayo njiani.

Na alikuwa na alama zake. Mhusika akitaka kusema jambo zito, lazima kwanza aweke chini alichoshika, kikombe, sindano, hata mtoto mchanga. Nkatha akisoma ukurasa mmoja anakwambia, hapa mzee amepita.

Hadithi moja tu ndiyo ilimkera, ya mke wa mkulima, imeandikwa kavu bila pambo lolote, wala haina alama ya mzee hata moja. Nkatha akaandika kwenye sura yake ya nne kwamba hata hiyo ni kazi ya Wendhurst, isipokuwa safari hii alijificha kwa ustadi. Profesa Suhaib, msimamizi wake, alisoma sura hiyo akauliza swali moja huku akikoroga chai: je, kama mzee aliiacha tu kama ilivyokuja? Nkatha akajibu kwamba mtu wa namna ile haachi kitu bila kukigusa. Profesa akatabasamu. Nkatha aliliona tabasamu hilo kama matusi.

Sasa mwanamke mwenye jicho hilo ndiye aliyechumbiwa na Gaël.

Gaël ni kijana wa Bukavu, fundi wa taa kwenye jumba la maonyesho huko Newtown. Ukienda kuona mchezo na ukaona uso wa mwigizaji unang'aa anapolia, ni yeye huyo, yuko juu kwenye vyuma na glavu zake. Walikutana humo humo ukumbini, Nkatha alipoenda na wanafunzi anaowafundisha chuoni. Mdomoni Gaël ni mtu wa maneno machache. Kwenye simu, mambo ya kila siku aliandika hivi, na "sharp" ya Johannesburg mwishoni, yaani sawa: "Chérie niko kazini. Ntakupigia. Sharp." Meseji hizo zilijibiwa papo hapo. Lakini Nkatha akiuliza jambo la moyo, kimya kingeshuka, na baada ya muda mrefu ingekuja ile nyingine, ndefu, laini, inayoanza na "umekula" na kuishia na "ni hayo tu".

Mwanzoni alidhani ni mtu anayechagua maneno. Akafurahi. Kisha jicho la kazi likafunguka, na likifunguka halifungiki.

Wiki ile ya posa alienda Newtown mchana kumpelekea Gaël chakula. Akamkuta juu ya ngazi, anafunga taa. Simu yake ilikuwa kwenye kiti cha mstari wa mbele. Nkatha hakuigusa, hilo naapa kwa niaba yake. Simu ndiyo iliyowaka yenyewe, na macho hayana mlango. Juu iliandikwa Maman Jeannine, chini yake:

"Ongeza neno kuhusu marehemu mama yake. Halafu tuma."

Sahani ya chakula ikawa nzito mkononi. Mama yake Nkatha alifariki Nkatha akiwa kidato cha pili, na jambo alilomwambia Gaël kuhusu siku ile hakuwahi kumwambia mtu mwingine, hata Keziah.

Gaël akashuka, akamkumbatia, akaona anavyotazama.

"Jeannine ni nani?"

"Ni maman wa kanisa." Akaigeuza simu kifudifudi. Taratibu kabisa, lakini aliigeuza.

"Mnaongea nini?"

"Mambo ya kanisa, chérie. Samedi, siku ya posa, utamuona." Akafungua chakula, akakisifu, akasema viazi vimeiva vizuri. Nkatha akamtazama akila. Alikuwa anampenda mtu huyo, na kwa mara ya kwanza alimwogopa.

Jioni Keziah alitafuta mtandaoni na kumpata bila jasho. Ukurasa wa saluni, mtaa wa Berea, na picha ya mwenye saluni: mwanamke mrefu, kitambaa cha kitenge kichwani, shingo ya twiga, kicheko cha mtu asiyedaiwa.

"Mama wa kanisa gani huyu," Keziah akasema. "Nkatha, skiza. Mpigie baba yako simu. Mwambie Jumamosi isimame."

Jumamosi ndiyo siku ya posa. Upande wa Gaël ungefika kwa Keziah, na Baba na ndugu zake wangekaa mbele ya kompyuta kule Meru, wavae makoti. Baba alikuwa ameshanunua shati.

"Nitampigia," Nkatha akasema. "Lakini kuna kitu nataka kujua kwanza."

"Kitu gani zaidi ya hiki?"

Nkatha hakujibu, mimi nitajibu. Mwezi wa tatu Gaël alipomtajia ndoa mara ya kwanza, Nkatha alimwambia aachwe afikirie, na kusema kweli jibu lilikuwa linaelekea hapana. Kisha ikaja meseji fupi. Alipoisoma alikaa chini, akaandika neno moja: ndiyo. Meseji hiyo haikuwa na "umekula" wala "ni hayo tu". Ilikuwa kavu, bila pambo. Mtu mwingine angesema basi, hiyo ni ya Gaël. Lakini Nkatha ndiye aliyeandika sura nzima kuthibitisha kwamba mhariri hodari anaweza kujifanya kavu. Jembe alilolinoa mwenyewe sasa lilikuwa linamkata mguu. Kama ile nayo iliandikwa na mwanamke wa Berea, basi alisema ndiyo kwa Jeannine.

Kesho yake akaenda kusuka.

Saluni ilikuwa chini ya jengo la zamani la ghorofa, kati ya spaza, kile kiduka cha mtaani, na duka la simu. Wanawake wawili walikuwa wanatoka, na Maman Jeannine mwenyewe akabaki, anafagia. Ana kwa ana alikuwa mzuri kuliko picha, jambo ambalo Nkatha hakuwa tayari kulisamehe.

"Karibu, binti. Unaitwa nani?"

"Masika," Nkatha akasema. Alikuwa amelitayarisha njiani.

"Masika. Jina la Wanande hilo. Wewe ni wa Butembo?"

"Mama yangu alilipenda tu."

"Vizuri." Maman Jeannine akamkalisha, akazichambua nywele zake kwa vidole, kisha akauliza, "Umekula?"

Nkatha akashika mikono ya kiti. Akasema amekula. Maman Jeannine akasema uso wake hausemi hivyo, akamletea mandazi kwenye karatasi, akasimama hapo mpaka akalimaliza la kwanza. Ndipo akaanza kusuka. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Hakuna unyonge unaozidi ule wa kumkabidhi kichwa mwanamke unayedhani anakuibia mchumba, halafu ukagundua hakuumizi.

Wakaongea. Maman Jeannine alisimulia kwamba kwao ni Uvira, lakini vita vilimpeleka Kigoma akiwa msichana, akakaa huko mpaka Kiswahili cha Tanzania kikamkaa mdomoni. Ndiyo maana, Nkatha akajiambia. Zile meseji zilikuwa na Kiswahili cha Kigoma, na Gaël ni wa Bukavu.

"Una mchumba?" Maman Jeannine akauliza.

"Ninaye."

"Anakupenda?"

"Anaandika kwamba ananipenda."

"Na wewe huamini."

"Mimi kazi yangu ni kusoma. Najua mtu akiandika na najua mtu akiandikiwa."

Vidole vikasimama kidogo, vikaendelea. Walikuwa wamefika katikati ya kichwa. Kwenye kioo upande wa kushoto ulikuwa umesukwa safi, upande wa kulia nywele zimesimama kama zimesikia habari mbaya.

"Binti yangu, nikwambie kitu," Maman Jeannine akasema. "Uchumba una mitego yake. Usikimbilie kuhukumu. Mungu hana haraka, lakini hachelewi."

Nkatha akasimama. Kitambaa cha mabegani kikaanguka.

"Ni wewe."

"Kaa chini, Nkatha."

Jina lake halisi lilimpiga kuliko kofi.

"Unanijua."

"Tangu mlangoni. Picha yako Gaël amenionyesha mpaka nimechoka. Nilitaka kuona utafika wapi na hiyo Masika yako." Akaokota kitambaa. "Kaa. Utatoka hivyo barabarani, nusu huku nusu kule? Watu wa Berea watakupiga picha."

Nkatha akajitazama kwenye kioo. Hasira ilikuwa yote, nywele zilikuwa nusu. Akakaa.

"Nimemwita kwa meseji," Maman Jeannine akaongeza. "Ulipokuwa unakula mandazi. Yuko njiani. Lakini mimi nitasema langu kabla hajafika."

Akaweka chini kitana. Nkatha alikiona kikishuka mezani, akamkumbuka mzee wa Philadelphia na watu wake.

"Mimi ni marraine wenu," Maman Jeannine akasema. "Mimi na mume wangu Placide. Kwenye kanisa letu vijana wawili hawaendi kwenye ndoa peke yao. Wanapewa watu wa ndoa, parrain na marraine, wawashike mkono, wawapatanishe wakigombana, wajue mambo yao yote. Msichana wa nje tunamjulisha siku posa inapopokelewa. Kabla ya hapo tunafanya kazi kimya."

"Kazi ya kuandika meseji zangu?"

"Hiyo si sheria ya kanisa. Hiyo Gaël aliniomba. Anaandika yeye, ananitumia, mimi ninanyoosha tu."

Ninanyoosha tu. Wendhurst naye alikuwa akisema hivyo hivyo, mpaka kufa kwake.

"Mambo ya mama yangu nilimwambia Gaël peke yake," Nkatha akasema. "Nilimwambia kwa sababu sikuwahi kumwambia mtu. Na wewe umeyashika, umeyapima, ukasema ongeza hapa."

Maman Jeannine akafungua mdomo kujibu. Mlango ukafunguka na Gaël akaingia akihema, glavu za kazi zikiwa bado mfukoni, akawaona wanawake wawili kwenye kioo kimoja na kichwa kimoja kilichosukwa nusu.

"Nkatha."

"Nani ananiandikia?"

Hakujifanya haelewi. Hilo lilimpunguzia kosa kidogo, ingawa yeye hakujua.

"Tuko wawili," akasema. "Mimi njo nasema. Maman anapanga."

"Kwa nini?"

"Ju niliogopa. Kiswahili yangu ni ya Bukavu, iko na Kifaransa ndani, iko na kila kitu. Wewe ni muntu wa vitabu. Kazi yako ni kusoma maandishi ya watu na kuona makosa. Nilisema, huyu akinisoma vile niko, hatafika hata pa mwisho."

"Na mimi nilikuwa nampenda nani, Gaël? Mimi nilikuwa naongea na nani?"

"Na mimi."

"Siwezi kujua. Ndiyo shida yako hiyo. Umenifanya nisijue."

Gaël akasema polepole kwamba habari ya mama yake Nkatha ndiyo kosa kubwa. Alisema alimpa Maman Jeannine kwa sababu kwao marraine ni kama tumbo la mama, kinachoingia hakitoki, na hakuwahi kufikiri kwamba kwa Nkatha huyo ni mwanamke mgeni. "Ile nilikosea," akasema. "Sina maneno juu yake. Na nikipata maneno, utasema ni ya Maman."

Maman Jeannine alikuwa ameangalia sakafu. Nkatha akafuta uso kwa ncha ya kitambaa cha saluni. Lilikuwa limebaki swali moja, lile lililomtoa nyumbani. Alitamani kutoliuliza. Kama asingeuliza, angeweza kuondoka na ndiyo yake ikiwa nzima, hata kama mwanaume anabaki.

Akauliza.

"Ile ya mwezi wa tatu. Nilipokwambia naenda kufikiri. Nani aliandika?"

Gaël akamtazama Maman Jeannine. Nkatha akaona macho yakikutana, na moyo wake ukaanguka mpaka kwenye sakafu yenye nywele za watu.

"Jibuni."

"Hiyo," Maman Jeannine akasema, na kwa mara ya kwanza mwanamke huyo mwenye shingo ndefu akaonekana ana aibu, "hiyo nilikuwa naomba usiulize."

"Basi ni yako."

"Binti yangu, kama ingekuwa yangu ningeimba."

Akachukua simu yake, akapandisha mazungumzo kwa kidole, akapita mwezi baada ya mwezi. Akaiweka mbele ya kioo, Nkatha aone tarehe. Ilikuwa siku ile ile ya mwezi wa tatu. Akabonyeza, na sauti yake mwenyewe ikajaa saluni, kali, ya mtu aliyekatizwa chakula:

"Gaël, mwanangu, hii hapana. Hakuna salamu, hakuna neno la Mungu, hata mpenzi hakuna. Mwanamke amekwambia anataka kufikiri, wewe unamwandikia habari ya taa? Mwanamke haombwi ndoa kwa balbu. Futa. Nipe mpaka jioni nitakutengenezea kitu."

Chini yake kulikuwa na jibu la Gaël, maneno matatu.

"Nimesha tuma, Maman."

Nje, kijana wa duka la simu alikuwa anagombana na mteja kwa Kizulu, na mteja anamjibu kwa Kilingala, wanaelewana kabisa.

"Nilimkasirikia siku mbili," Maman Jeannine akasema. "Nikamwambia Placide, huyu amejimaliza mwenyewe. Kisha akaja kuniambia umekubali. Mpaka leo sijaelewa."

Nkatha akatoa simu yake. Tangu wasiwasi uanze, hakuwa amethubutu kuifungua ile meseji. Akaifungua sasa. Nami nawasomea, kama ilivyokuwa, bila kugusa:

"Nkatha, ukubali ao ukatae, ile taa ya pa meza yako inaharibu macho. Nitakuja kesho kuibadilisha. Kama umekataa, nitabadilisha tu, nitaenda. Sipendi usome mu giza."

Akaisoma mara mbili. Alimkumbuka kesho yake, amesimama mlangoni kwa Keziah na kiboksi cha balbu, ameshapata ndiyo mfukoni, na bado amepanda kwenye kiti kwanza kubadilisha taa kabla hajamshika mkono. Kilio kikamjia, akakiacha kije.

"Hukuigusa," akamwambia Maman Jeannine.

"Sikuigusa. Sikupewa nafasi."

Gaël alikuwa bado amesimama pale pale, hajui aje mbele au arudi nyuma.

"Bado nimekasirika," Nkatha akamwambia.

"Najua."

"Nitakasirika mpaka Ijumaa."

"Na samedi?"

"Jumamosi Baba amenunua shati." Akajipangusa pua. "Lakini kuanzia leo unaniandikia wewe. Ukikosea, nikute kosa lako. Na Maman, wewe ni marraine wangu, nitakuheshimu, nitakuja kwako tukigombana. Meseji zangu usiziguse."

"Hata kumwambia aanze na salamu?"

"Hata salamu."

Maman Jeannine akavuta pumzi ya mtu anayeacha sigara. Akaokota kitana, akamgeuza Nkatha kichwa, akaanza upande wa kulia. "Sawa," akasema. "Basi nimalizie hiki nilichoruhusiwa."

Keziah alipoambiwa yote hayo alisema hajashawishika, kisha akaomba kuiona meseji ya taa, kisha akaenda chumbani, na Roy akashangaa kuulizwa kwa nini yeye hajawahi kuona taa ya mtu. Profesa Suhaib naye alipokea barua pepe fupi kutoka kwa mwanafunzi wake. Ilisema kwamba hadithi ya mke wa mkulima haikuguswa na Wendhurst, na kwamba pengine kitu kikubwa alichofanya mzee yule katika uhariri wake wote ni siku hiyo moja alipoweka kalamu chini. Profesa akajibu: Sawa. Sasa thibitisha.

Jumamosi ikafika. Sebule ya Keziah ilijaa vitenge na suti. Kwenye kompyuta, kule Meru, Baba Nkatha alikaa katikati ya ndugu zake, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani. Placide, parrain, akasimama na kusema kwa niaba ya kijana, kama ilivyo ada. Alisema maneno mazuri, ya ua na bustani, ya ndege aliyeona mti wa kujengea kiota. Wazee wa Meru wakaitikia kwa vichwa. Alipomaliza, Baba akakohoa.

"Umesema vizuri, mzee mwenzangu," akasema. "Lakini wewe hauoi. Nataka kumsikia kijana. Utamtunza binti yangu namna gani?"

Ada haikuwa hivyo. Gaël akasimama, akashika ukingo wa koti, akageuza macho kwa Maman Jeannine kama alivyozoea.

Maman Jeannine akafungua mdomo. Nkatha alimwona. Alikuwa na hotuba pale pale kwenye ulimi, yenye salamu, yenye neno la Mungu, imepangwa tayari. Kisha akafunga mdomo, akaangalia dirishani.

Gaël akageukia kompyuta.

"Baba, mimi ni fundi wa taa," akasema. "Maneno siko nayo mingi. Lakini hatasoma mu giza. Ile tu naweza kuapa."

Picha kutoka Meru ilikwama kidogo, ikarudi. Baba Nkatha alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa shati jipya.

"Hiyo taa uliyomwekea," akauliza, "ni ya wati ngapi?"

Gaël akamwambia. Wazee wawili wakainama kushauriana, mmoja akasema hiyo ni ndogo kwa mtu anayesoma, mwingine akasema siku hizi hizo ndogo ndizo zinazomulika zaidi. Walibishana hivyo kwa muda, mpaka Keziah akauliza kama posa imekubaliwa au wanataka kwanza kuja kuiona balbu. Baba akavaa miwani, akashangaa kwamba kuna mtu bado anauliza, akasema leteni chai.